Nyimbo za Sarafina Zilipofika Mwanjelwa

Usiku mmoja wa Julai, katikati ya miaka ya tisini, wakati baridi ya Mbeya ilipokuwa ikishuka kutoka mlima Loleza na kuwafanya hata vijana wajidaio kuwa hawaijui baridi wajikunyate ndani ya makoti ya mitumba, niliingia katika banda moja la video pale Mwanjelwa. Banda la mabanzi lililoezekwa kwa bati, nyufa zake zimezibwa kwa maboksi na vipande vya turubai, na ndani yake watu wapatao sitini wamebanana juu ya mabenchi, nyuso zao zote zimeelekea runinga moja iliyowekwa juu ya meza, na chini ya runinga hiyo deki iliyofunikwa kitambaa cha kufuma kama kwamba ni chombo cha ibada. Kando ya meza aliketi mfasiri, kijana aliyejifunga skafu shingoni na kushika kipaza sauti, ambaye kazi yake ilikuwa kuyageuza maneno ya Kiingereza yawe Kiswahili papo hapo, na kuyatia chumvi pale alipoona yamepoa. Ubao wa nje ulikuwa umetuahidi picha ya ngumi. Mkanda wa ngumi ukaliwa na deki, mwenye banda akauvuta mpaka ukakatika, na kwa kuwa kiingilio alikwisha kukikusanya na hakuwa na nia ya kukirudisha, akatoa mkanda mwingine sandukuni, akautia, na watu wakanung'unika: ilikuwa ni Sarafina.

Manung'uniko yale hayakufika robo saa. Wanafunzi waliovaa sare walipoanza kuimba na kucheza katika uwanja wa shule yao, vijana watatu wa benchi la katikati walisimama wakacheza nao, na banda zima likapiga makofi; na baadaye, askari walipoanza kuwamiminia risasi watoto wale wale katika sare zile zile, vijana wale watatu walikuwa wangali wamesimama, mikono imening'inia, na hakuna aliyewaambia waketi ingawa walikuwa wakiwaziba walio nyuma yao. Kisha picha ilipoingia katika chumba cha mateso, mfasiri, ambaye tangu mwanzo hakuwa amenyamaza hata kwa muda wa pumzi moja, alikiweka kipaza sauti juu ya goti lake, akaiacha picha iseme yenyewe. Nimeketi katika kumbi za sinema za miji mikubwa tangu usiku ule, zenye viti vya mahameli na sauti itokayo pande zote nne, na sijapata kuona tena hadhira iliyobadilika namna ile bila ya mtu yeyote kuihutubia.

Filamu hii ilitoka mwaka 1992. Kabla ya hapo ilikuwa mchezo wa jukwaani uliotungwa na Mbongeni Ngema, pamoja na nyimbo nyingine za Hugh Masekela, ukaonyeshwa kwanza katika Market Theatre ya Johannesburg mwaka 1987, Afrika Kusini ikiwa chini ya amri ya hali ya hatari, kisha ukavuka bahari hadi Broadway, New York, mwaka 1988, ukaendelea kule kwa karibu maonyesho 600. Aliyeiongoza filamu ni Darrell Roodt, na aliyeitafutia fedha na kuisimamia ni Anant Singh, wote wawili wazaliwa wa Afrika Kusini. Leleti Khumalo, aliyemwigiza jukwaani Sarafina, msichana mwanafunzi, akawa Sarafina wa filamu. Miriam Makeba akawa mama yake, mtumishi wa nyumba ya Wazungu. John Kani akawa mwalimu mkuu. Na Whoopi Goldberg, Mmarekani, akawa Mary Masombuka, mwalimu wa historia ambaye anawafundisha watoto mambo yasiyokuwamo katika mtaala wa serikali, anachukuliwa na polisi, na anafia mikononi mwao. Kisa chenyewe kimejengwa juu ya maasi ya wanafunzi wa Soweto, yaliyoanza tarehe 16 Juni 1976 kwa kukataa kulazimishwa kusoma kwa Kiafrikaana, na ambayo dunia iliyajua kwa picha moja aliyoipiga Sam Nzima, ya mtoto Hector Pieterson wa miaka 12 akibebwa mikononi.

Wasomi wa sanaa wamezoea kuziuliza filamu za namna hii swali moja, nalo ni hili: burudani kiasi gani, na siasa kiasi gani? Huliuliza kama kwamba muongozaji ni mama wa Kyela wa zamani, anayemfichia mtoto kidonge cha klorokwini ndani ya tonge la ndizi: ndizi ikizidi, dawa haifanyi kazi, dawa ikizidi, mtoto anatema vyote viwili. Kwa hesabu hiyo nyimbo za Sarafina ndizo ndizi, na risasi ndiyo klorokwini, na lawama iliyo maarufu kuliko zote dhidi ya filamu hii ni kwamba ndizi imezidi, kwamba haijuzu watoto wanaouawa kuonekana wakicheza, kwamba mtazamaji anatoka ukumbini akiimba mahali ambapo ilimpasa kutoka akilia. Niliwahi kuisadiki hoja hiyo. Nilikuwa kijana, na niliamini, kama vijana wengi wenye kusoma vitabu, kwamba jambo zito sharti liwe zito pia machoni, na kwamba furaha ni aina ya woga.

Walioniondoa katika dhana hiyo hawakuwa wahakiki. Walikuwa ni watu wa Rungwe. Katika banda lile la Mwanjelwa nilikuwa nimeketi karibu na mzee mmoja wa Tukuyu, aliyekuja mjini kuuza ndizi na kukosa gari la kurudia, na picha ilipofika mahali pa maziko, watu wakaimba na kukanyaga ardhi kwa miguu mbele ya majeneza, nilimsikia akisema kwa sauti ya chini, wala hakuwa akinisemesha mimi, kwamba hawa nao wanajua kuzika. Kalima hiyo ilinikaa. Maana kwa Wanyakyusa msiba wa zamani haukuwa mahali pa kimya. Wanawake walilia, na wakati huo huo wanaume walicheza kwa mikuki mkononi, vumbi likipanda, ng'ombe wakichinjwa, na mgeni asiyejua angedhani amefika arusini. Monica Wilson, aliyezaliwa Lovedale huko huko Afrika Kusini, akaja na mumewe Godfrey kuishi miongoni mwa Wanyakyusa katika miaka ya thelathini, ameyaeleza mambo hayo kwa urefu katika kitabu chake cha mwaka 1957 kuhusu ibada za ukoo za watu wa Unyakyusa, na msomaji wake anaona wazi kwamba ngoma ile haikuwa kitulizo kilichopakwa juu ya huzuni. Ilikuwa ndiyo njia ya mwanamume kuibeba ghadhabu yake mpaka ikashukia mahali pasipodhuru watu. Mzee wa Tukuyu hakuhitaji kuambiwa kwa nini Wazulu wanacheza makaburini. Aliyehitaji kuambiwa ni mimi, niliyesoma.

Na tukiitazama historia ya Soweto kwa insafu, tutaona kwamba mzee alikuwa amegusa siasa yenyewe. Serikali ya makaburu ilipopiga marufuku mikutano ya hadhara, mahali pekee ambapo watu weusi waliweza kukusanyika kwa maelfu palikuwa ni maziko. Basi maziko yakawa mkutano, na wimbo wa maziko ukawa hotuba, kwa kuwa hotuba ingemfunga mtu mmoja ilhali wimbo huimbwa na watu elfu tano na askari hajui amkamate nani. Kwa hiyo anayesema kwamba nyimbo zinaipunguzia Sarafina uzito wa siasa ni kama mtu anayesema kwamba maji yanaupunguzia mto uzito wake. Ondoa nyimbo zile, na hutabakiwa na siasa tupu. Utabakiwa na uongo, kwa maana utakuwa umewaonyesha watu wale wakifa bila ya kuonyesha walivyokuwa wakiishi na walivyokuwa wakipigana.

Sisi wa huku nasi tulikuwa na ushahidi wa jambo hilo vinywani mwetu kila asubuhi. Tuni ya wimbo wetu wa taifa, ambao kila mtoto wa shule ya Mbeya na Iringa huuimba paredini huku pumzi yake ikitoka kama moshi kwa baridi, ilitungwa na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule wa Afrika Kusini, mwaka 1897, na kwa miaka mingi ilikuwa ndiyo tuni ya mapambano ya watu wake kabla hatujaichukua mwaka 1961. Nimekutana na watu wazima wasiojua hilo. Sarafina ilipofika katika mabanda yetu, hatukuletewa nyimbo ngeni. Tulirudishiwa nyimbo ambazo tulikwisha kuzikopa.

Nimeisifu filamu hii, na sina budi kuyataja mapungufu yake, kwani yapo, na yote yanatoka mahali pamoja. Yanatoka pale ambapo watengenezaji walikumbuka kwamba tikiti zitauzwa Marekani. Whoopi Goldberg alikuwa ametoka kupata tuzo ya Oscar, na mwaka ule ule wa 1992 alikuwa akichekesha dunia katika vazi la mtawa. Ni mwigizaji hodari, na katika onyesho la kukamatwa anafanya kazi ya kweli, lakini Kiingereza chake ni cha kwao, mwendo wake ni wa kwao, na kila mara anapoingia darasani mtazamaji anakumbushwa kwamba kuna mtu aliyeamua kwamba bila yeye hatutaiangalia. Kadhalika michezo ya miguu imepangwa na Michael Peters, bingwa yule yule aliyempangia Michael Jackson michezo yake katika Thriller. Na japokuwa katika sehemu nyingi amewaacha watoto wacheze kwa namna yao, zipo sehemu ambapo mistari inanyooka mno, vichwa vinageuka kwa pamoja mno, na ghafla hatumo tena katika vumbi la Soweto bali jukwaani, chini ya taa. Hapo ndipo furaha inapokuwa ndizi ya kufichia kidonge. Furaha ni nyingi kote katika filamu hii, na mahali pengi wingi huo haunisumbui hata kidogo. Inanisumbua pale tu ambapo si furaha ya watu wale tena, bali ni ya wale waliokuja kuwapiga picha.

Na hiyo ndiyo mizani ninayoitaka mimi kwa kila filamu ya kigeni yenye jambo zito: kwanza niulize utamu uliomo ndani yake ni wa nani. Chukua filamu ya Cry Freedom ya mwaka 1987, ya Richard Attenborough, iliyopigwa Zimbabwe, ambayo inaanza kama habari ya Steve Biko, mpinzani wa makaburu, na Denzel Washington anamwigiza Biko kwa haiba inayostahili kukumbukwa. Biko alifia mikononi mwa polisi tarehe 12 Septemba 1977. Katika filamu, baada ya kifo hicho, sehemu kubwa iliyobaki ni safari ya kutoroka ya mwandishi wa habari Mzungu, Donald Woods, na ahali yake: atavaa nini ili asijulikane, mto umejaa, mpaka uko karibu, je, atakamatwa? Ni safari ya kweli, na Woods alikuwa mtu mwema aliyepoteza mengi. Wala siidharau filamu yenyewe, kwa kuwa polisi wa Afrika Kusini waliiogopa kiasi cha kuzikamata nakala zake mwaka 1988 siku ile ile ilipoanza kuonyeshwa nchini humo. Lakini roho juu ya mtazamaji imehamishwa kutoka kwa maiti wa Biko ikapelekwa kwa abiria wa gari. Nilipoiona Iringa, katika ukumbi uliokuwa na watu wazima wengi, walimu na makarani, mwanamke mmoja aliuliza, baada ya picha kwenda kwa muda mrefu hivyo, kama tutarudi tena kwa akina Biko. Hakujibiwa, na watu wawili watatu wakaenda zao.

Katika Sarafina liko jambo moja ambalo Attenborough hakuthubutu, nalo kwangu ndilo kilele cha uzito wa filamu ile. Konstebo Sabela ni mtu mweusi anayewatumikia makaburu, na wanafunzi wanamzingira, wanammwagia mafuta, wanamtia moto. Sarafina yumo katika kundi. Filamu haimtoi, haimfuniki macho, haimpi udhuru. Inamwacha abebe dhambi hiyo mpaka gerezani na mpaka jikoni kwa mama yake, pale Miriam Makeba, aliyeishi uhamishoni miaka thelathini katika maisha ya kweli, anapompokea mwanawe kwa uso ambao haukuhitaji kuigiza. Na aliyeigiza Sabela ni nani? Ni Mbongeni Ngema mwenyewe, mtungaji wa mchezo na wa nyimbo nyingi zilizowafanya vijana wa Mwanjelwa wasimame. Aliwatungia watoto nyimbo za kuwafurahisha, kisha akaingia katika vazi la msaliti ili wamchome kwa mikono yao. Ngema alifariki kwa ajali ya barabarani mwezi wa Desemba 2023, na katika maisha yake alitenda mengi, ya kusifiwa na ya kulaumiwa. Lakini uamuzi ule mmoja unatosha kunionyesha kwamba aliielewa kazi yake kuliko wale waliomwambia achague kati ya kuchezesha watu na kuwafikirisha.

Nasema haya nikikumbuka siku moja ya mwezi wa Juni katika shule moja ya Iringa, ambayo sitaitaja, nilikoalikwa miongoni mwa wageni wa Siku ya Mtoto wa Afrika. Baada ya gwaride, ngonjera na hotuba, watoto mia mbili na zaidi waliingizwa ndani ya bwalo lenye harufu ya maharage, wakaketi sakafuni, wakawekewa Sarafina. Mwalimu aliyeshika rimoti alikuwa mtu mpole, mwenye kuwapenda watoto wale, na kwa upole huo huo aliamua kuwaonyesha nyimbo tu. Kila risasi zilipoanza, au polisi walipovunja mlango, aliupeleka mkanda mbele kwa kasi. Sasa asiyepata kuiona mikanda ile hawezi kujua kilichotokea. Mkanda ukipelekwa mbele, picha haipotei; inakimbia kimya, watu wanarukaruka kama sisimizi, mistari myeupe inapita juu yao. Sabela alichomwa moto kwa sekunde nne, akikimbia kama mdoli. Sarafina aliteswa kwa kasi ile ile, mikono ikienda huku na huku. Na watoto walicheka. Mia mbili na zaidi walicheka, kicheko kile kisafi cha watoto wasio na nia mbaya, kwa sababu mtu anayekimbia upesi namna ile anachekesha. Kisha mkanda ukafika kwenye wimbo, mwalimu akauacha uende, wakapiga makofi.

Sijapata kuona hoja iliyothibitishwa upesi kiasi kile. Mwalimu alidhani anaitenga burudani na siasa, kama mtu anayepepeta mchele na kuondoa pumba. Na kumbe alipoiondoa siasa, burudani nayo haikubaki kama ilivyokuwa, iligeuka kuwa kicheko juu ya mtoto anayeteswa. Ningeweza kusimama nikasema neno, nami sikusema. Nilikuwa mgeni, nimepewa soda na kiti cha mbele, nikanyamaza. Mfasiri wa Mwanjelwa, ambaye hakuna aliyemwita mwalimu, alijua zaidi yangu na zaidi ya mwalimu yule: mahali pa kunena alinena, na mahali pa kunyamaza aliweka kipaza sauti juu ya goti.

Mfasiri huyo, nirudi kwake kidogo, alifanya jambo jingine usiku ule. Sarafina alipotoka gerezani, alituambia kwamba hawa ndio wale waliokuwa kwetu Mgagao. Kwa hesabu ya historia alikosea kidogo, kwa kuwa kambi ya Mgagao, iliyoko Kilolo mkoani Iringa, ilikuwa hasa ya wapiganaji wa Zimbabwe, wa ZANLA, waliofundishwa pale na wakufunzi wa Kichina, na ni pale pale maofisa wao walipoandika lile Azimio la Mgagao la mwaka 1975. Vijana wa Soweto walioikimbia nchi yao baada ya 1976 wengi wao walielekea Morogoro, Mazimbu, ambako chama cha ANC kilijenga shule kikaipa jina la Solomon Mahlangu, kijana wa kizazi kile kile aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979. Lakini banda lilielewa alichokusudia. Alikusudia kwamba picha hii ya kigeni si ya kigeni. Na alikuwa na haki. Reli ya Uhuru, TAZARA, yenye kilometa 1,860, ambayo treni zake husikika Mwanjelwa usiku upepo ukivuma kutoka Iyunga, ilijengwa ili Zambia isilazimike kupitisha shaba yake mikononi mwa makaburu na walowezi wa Rhodesia. Ilikabidhiwa rasmi tarehe 14 Julai 1976. Watoto wa Soweto waliuawa Jumatano tarehe 16 Juni. Ukihesabu, ni wiki nne kamili, Jumatano kwa Jumatano. Wakati wao wanazikwa kwa nyimbo, sisi tulikuwa tunapokea mabehewa. Na mwaka 1992, mwaka Sarafina ilipotoka, ndio mwaka ANC ilipoikabidhi Mazimbu kwa serikali ya Tanzania, na wahamishwa wakarudi makwao.

Ndiyo maana siwezi kuizungumza filamu hii kama mtu anayepima bidhaa ya ng'ambo. Aidha ninajua kwamba zamu yetu ya kupigwa picha imekwisha kuanza. Mwaka 2024, katika tamasha la Berlin, ilionyeshwa filamu ya The Empty Grave, iliyoongozwa na Agnes Lisa Wegner wa Ujerumani na Cece Mlay wa Tanzania, kuhusu jamaa za Songea na Meru wanaoyatafuta mabaki ya wazee wao walionyongwa na Wajerumani na kupelekwa Ulaya. Haina wimbo wa kuchezwa, na haikuuhitaji. Utamu wake ni wa namna nyingine: ni mke na mume wanaobishana kwa upendo juu ya safari, ni wazee wanaokaa kitako wakisubiri barua. Atokee kesho mgeni mwenye fedha nyingi, atake kuigiza habari za Mkwawa, mtawala wa Wahehe, za vita vya Lugalo mwaka 1891 na za fuvu lake ambalo Gavana Twining alilirudisha Kalenga mwaka 1954, nami namsihi kila mwenye kauli Iringa asimwulize kama filamu itakuwa na siasa nyingi au chache. Amwulize nani atacheka ndani yake, na kwa kichekesho cha nani. Nani ataimba, na wimbo huo aliufundishwa na mama yake au na mtu aliyeshuka na ndege.

Lakini hilo ni la kesho. La mwaka huu ni dogo zaidi, nami nawaelekezea walimu wenzangu wa Mbeya na Iringa. Tarehe 16 Juni imekuwa Siku ya Mtoto wa Afrika tangu mwaka 1991, na katika shule nyingi za mikoa hii huadhimishwa kwa maandamano, ngonjera na keki, bila ya mtoto hata mmoja kuambiwa kwa nini ikawa tarehe hiyo na si nyingine. Sarafina bado inapatikana. Wawekeeni wanafunzi wa sekondari, walio na umri wa Sarafina mwenyewe; waacheni wasimame wacheze nyimbo zinapoanza, wala msiwakemee. Na risasi zitakapoanza, tafadhalini, rimoti iwe mezani.